Kuku wa Mnada wa Mavuno

Kuku yule alinadiwa mwishoni kabisa, baada ya magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, na kondoo aliyekojoa mbele ya mimbari watu wakacheka mpaka mchungaji naye akashindwa kujizuia. Alikuwa tetea mwekundu wa kienyeji, kafungwa miguu kwa kipande cha kanga, kalazwa kwenye rundo la kuku kumi na tano waliotoka nyumba kumi na tano. Aliyeshinda mnada ni Veneranda. Alipokabidhiwa kuku wake hakurudi kwenye benchi. Alisimama katikati ya kanisa, akamwinua juu, akatangaza kwamba anamzawadia wifi yake, mama Gerson, ili yaliyopita yaishe.

Yaliyopita usharika mzima uliyajua. Pasaka ile Veneranda alikwenda kumtembelea kaka yake Sedekia, pale kwao nje kidogo ya Igowole, akiwa na wakwe wa binti yake. Benedicta, mke wa Sedekia, yaani mama Gerson mwenyewe, aliwasimamisha getini na kuwaomba wakanyage kwanza kwenye beseni la dawa, mmoja mmoja, soli za viatu zilowe, kwa sababu ya kuku wake, wasiletewe ugonjwa. Wakwe walikanyaga, na chai waliyopewa hawakuimaliza. Tangu siku hiyo Veneranda hakuacha kusema kwamba wifi yake anaosha watu miguu kama wenye ukoma, na kwamba katika nyumba ile kuku wana heshima kuliko mawifi. Miezi minne walikuwa hawasalimiani.

Sasa wanawake walipiga vigelegele. Benedicta aliinuka kwenye benchi, akacheza mpaka mbele kama inavyotakiwa, akampokea kuku kwa mikono miwili na kumkumbatia wifi yake. Veneranda alikuwa analia kweli. Na katikati ya furaha ile vidole vya Benedicta, ambavyo kwa miaka minane vilikuwa havina kazi nyingine ila kupima kuku, vilimpima huyu bila kutumwa. Kifua kilikuwa chembamba, mfupa umetokeza. Gole, kile kifuko cha chakula shingoni, lilikuwa tupu, na saa hizo ni saa saba mchana.

Kule mabondeni kuku walikuwa wanakufa tangu wiki ya kwanza ya Agosti. Kila mtu alijua. Ni ugonjwa wa kila kiangazi, mdondo, na mtu akiona wa kwake wameanza kusinzia huwahi kuwachinja, au kuwauza, au kuwapeleka sadaka.

Wanawake kumi na wawili walimsindikiza mpaka nyumbani wakiimba. Ndivyo wanavyofanya pale. Zawadi ya mnada hupelekwa mpaka inapokaa, na aliyeitoa ataiona ikiingia. Benedicta alikuwa na kanuni yake: kuku mgeni hukaa peke yake nyuma ya jiko wiki tatu, hata angekuwa ametoka kwa askofu. Alijikaza, akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu atamweka kwanza nyuma ya jiko, azoee mazingira.

Nyimbo zilikoma. Veneranda alimtazama, na uso uliokuwa umelegea kwa machozi ukakaza.

"Huyu naye unamwosha miguu, wifi?"

Wachache walicheka, kicheko kile cha watu wanaotaka kuona itakuwaje. Sedekia alikuwa amesimama kwenye kibaraza na suti yake ya ibada. Yeye ni fundi seremala, mtu mpole, na miezi ile minne ilikuwa imemchosha. Kila akikutana na dada yake sokoni alilazimika kutazama pembeni. Alimwambia mke wake taratibu, lakini kila mtu akasikia, "Mama Gerson, mfungulie dada mlango."

Mimi simlaumu Benedicta. Anayemlaumu asimame kwanza uani kwake amezungukwa na wanawake kumi na wawili wa usharika. Alifungua mlango wa banda, Veneranda akainama, akafungua kile kipande cha kanga mwenyewe, na tetea mwekundu akaingia kwa wenzake akitikisa mbawa.

*

Hao wenzake walikuwa ishirini na wawili. Ni Brahma, kuku wakubwa wenye manyoya mpaka kwenye vidole, ambao watoto wa pale huwaita kuku wenye suruali. Lakini Brahma wapo wengi nchini. Wa Benedicta walikuwa na pindo. Kila unyoya wa dhahabu ulizungukwa na mstari mweusi mwembamba, tangu shinani mpaka nchani, bila moshi, bila doa. Pindo lile halikuja lenyewe. Katika kila vifaranga hamsini alibakiza watatu. Wengine, kwa mgongo mrefu au mstari uliokatika, walikwenda sufuriani. Sedekia alizoea kuwaambia wageni kwamba amekula makosa ya mke wake miaka minane.

Jogoo aliitwa Diwani, kwa namna alivyotembea: kifua mbele, polepole, kama anayengojea kusalimiwa. Nje ya banda lile pindo kama lake lilikuwa limebaki sehemu moja tu, Mbeya, kwa Mwalimu Anyelwisye, mzee mstaafu aliyempa Benedicta mayai sita ya kwanza. Majogoo wa mzee walikuwa wamekwisha. Alibaki na tetea mmoja na vifaranga kumi na mmoja wa tetea huyo. Walikuwa wamekubaliana kwamba baada ya maonyesho ya wafugaji, Jumamosi ile inayokuja, Diwani abaki Mbeya mwezi mzima na tetea wa mzee, ili mbegu isije ikapotea. Benedicta alikuwa na miaka arobaini na sita, darasa la saba, na hicho ndicho kitu pekee duniani ambacho watu walisafiri kuja kumuuliza.

Lipo jambo alikuwa hajamwambia mtu, hata mumewe. Kila miezi mitatu aliwadondoshea kuku wake chanjo ya mdondo jichoni, tone moja kila kuku, na kwa miaka minane hakukosa. Julai hii alikosa kwa makusudi. Mwaka uliopita aliwachanja siku chache kabla ya maonyesho, wakapata mafua mepesi ya chanjo, na mwamuzi akaandika kwenye kadi: umbo safi, pindo safi, macho yana machozi. Nafasi ya pili. Alilia ndani ya basi kutoka Mbeya mpaka Makambako. Safari hii alisema moyoni kwamba atachanja wakisharudi. Ilikuwa ni kuchelewa wiki tatu tu. Kwenye fomu ya maonyesho, penye swali la chanjo, aliandika Ndiyo.

*

Jumatatu tetea mwekundu alikula. Jumanne alikula kidogo. Jumatano alisimama kwenye kona tangu asubuhi, manyoya yametuna, na Benedicta akamtoa haraka akamfunika kwa tenga nyuma ya jiko, kana kwamba siku tatu zile zilikuwa hazijapita. Alhamisi alfajiri aliinua tenga. Kuku alikuwa amekufa, na chini yake kinyesi kilikuwa cha kijani.

Aliogopa. Akakaa kwenye kuni. Kisha akainuka, akachimba nyuma ya choo, akamzika yule kuku na tenga lake, akaosha mikono kwa dawa mpaka ngozi ikamwasha. Sedekia alipouliza zawadi ya dada iko wapi, alisema mwewe.

"Mwewe gani huyo anabeba tetea mzima?" aliuliza Sedekia, akamtazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akachukua randa yake akaenda kazini.

Benedicta alimpigia simu muuza dawa za mifugo wa Mafinga. Alisema anamuulizia jirani. Yule kijana akamweleza kwamba huyo jirani, kama ugonjwa umeshaingia bandani, chanjo haitamsaidia tena. Asiingize kuku, asitoe kuku, angoje aone nani atabaki. Benedicta alishukuru kwa niaba ya jirani.

Aliingia bandani akawakagua mmoja mmoja, macho, pua, shingo, na hakuona kitu. Wote walikuwa wazima. Diwani alimpigia bawa kama kawaida yake, akawika. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu, yanang'aa. Hata mwenyewe alikiri hajawahi kuona macho mazuri namna ile. Akaanza kujipangia maneno. Pengine tetea alikufa kwa minyoo. Pengine kwa kitambaa kile kilichombana miguu. Na kama ni mdondo kweli, basi heri Diwani awe mbali na banda hili, si ndiyo? Akimwacha, atakufa na wenzake. Akimtoa, atakuwa amemwokoa. Mpaka mchana alikuwa ameshajishawishi kwamba kwenda Mbeya ni kumwokoa Diwani, na maneno ya muuza dawa akayaweka pale mtu anapoweka barua asizotaka kuzisoma.

Ijumaa Sedekia alimbebea kizimba mpaka stendi. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe kwa mbao za mlingoti, amekipiga msasa pande zote ili unyoya hata mmoja usikwaruzwe. Alimwambia mke wake safari hii nafasi ya pili wampe mwingine. Kisha akarudi nyumbani kuwatunza ishirini na mmoja waliobaki.

*

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi wa kukodi, upande wa Mwanjelwa. Vizimba thelathini na kimoja vilipangwa kwenye meza kuzunguka kuta, kila kimoja na namba. Diwani alipewa namba sita. Kabla ya saa tatu habari zilikuwa zimeenea, na wafugaji walikuwa wanakuja wawili watatu kumtazama, wanainama, wananyamaza. Mmoja kutoka Chunya alivua kofia.

Mwalimu Anyelwisye alikuja na mkongojo wake, akakaa mbele ya kizimba muda mrefu. Kisha akaomba amshike. Alimtoa Diwani kwa utaratibu, akampakata, akamfunua bawa, akapuliza manyoya ya shingo kutazama mzizi wa pindo.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuwahi kumfikisha hapa."

Alimrudisha, akaenda kwa tetea wake, namba kumi na tisa, akamtoa naye akawa anamwonyesha jirani yake mistari kwa kidole, kwa furaha ya mtu aliyeona kazi yake haijafa. Benedicta alimtazama. Alitaka kusema neno, na neno lenyewe hakulijua. Akarudi kusimama nyuma ya namba sita.

Saa nne mwamuzi alianza. Alikuwa mtu makini, mwenye koti jeupe. Alifungua kizimba, akamtoa kuku, akaweka kiganja chini ya kifua kupima umbo, akafunua bawa la kulia, la kushoto, akavuta kope kutazama jicho, akafungua mdomo, akamrudisha, akaandika. Kwa Diwani alitumia dakika saba. Alipovuta kope alitabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wale watano wa kwanza. Alifunga mlango, akahamia namba saba, kwa mikono ile ile.

Alipofika namba kumi na moja simu ya Benedicta ililia. Alikuwa Sedekia.

"Mama Gerson, tetea wawili wamelala. Mmoja shingo imegeukia mgongoni. Wengine hawajagusa chakula."

Benedicta alisogea ukutani, simu sikioni.

"Si uliwachanja lakini?"

Alikuwa anaitazama mikono ya mwamuzi. Ilikuwa ndani ya mdomo wa kuku wa kumi na mbili, jike jeupe la msichana mmoja wa Tukuyu.

"Sikuwachanja, baba Gerson."

Alisikia pumzi za mumewe, na nyuma yake banda, kimya, banda ambalo halikuwahi kuwa kimya saa hizo. Hakumgombeza, na hakumuuliza habari za mwewe. Aliuliza swali moja tu.

"Na huyo uliye naye huko?"

Diwani alikuwa amesimama katikati ya kizimba chake, kifua mbele. Watu walikuwa bado wanampiga picha. Hakuwa na dalili hata moja. Kumi na tatu. Benedicta alijua kwamba akifungua mdomo, jogoo huyu hatatoka nje ya geti akiwa hai. Na ndiye aliyebaki, maana banda lote la Igowole lilikuwa linakwisha wakati yeye amesimama hapo. Kumi na nne. Asipofungua mdomo, kesho angeweza kuwa naye, na keshokutwa, pengine hata asiugue kabisa, wapo wasiougua. Kumi na tano. Aliwaona wale wenye kuku, wamevaa nguo zao za Jumapili, kila mmoja amesimama nyuma ya kazi ya miaka yake. Kumi na sita. Akajiambia atasema baada ya huyu. Kumi na saba, na akajiambia tena, baada ya huyu. Kumi na nane.

Mwamuzi aliweka mkono kwenye komeo la namba kumi na tisa, na Mwalimu Anyelwisye akanyoosha shati lake.

"Naomba usimguse huyo," alisema Benedicta.

Hakupaza sauti, lakini mwamuzi aligeuka.

"Wangu ni namba sita. Nyumbani kuna mdondo. Sikumchanja."

*

Dokta Tumpe, mganga wa mifugo aliyesimamia maonyesho, alikuwa mwanamke kijana mwenye faili kubwa. Alifunua karatasi, akapata ya namba sita, akasema hapa imeandikwa Ndiyo. Benedicta alisema ni yeye aliyeandika na si kweli. Alilazimika kulisema mara mbili, kwa sababu mwenyekiti wa kamati alikuwa mbali na aliomba arudie.

Dokta Tumpe aliwageukia wengine, akauliza kama yupo mwingine ambaye hakuchanja, aseme sasa hivi, hakuna atakayemlaumu. Watu thelathini walitazama viatu vyao. Alifunua faili lote, karatasi kwa karatasi, na kila karatasi ilisema Ndiyo. Alisita. Alisema kwa utaratibu ilibidi ukumbi ufungwe. Mwenyekiti akamnong'oneza kwamba mgeni rasmi ameshafika Kabwe, hapo karibu, na waandishi wako naye, na kama wote wamechanjwa, si wana kinga? Dokta alitazama faili tena. Akakubali kwamba, kwa mujibu wa fomu, wana kinga. Jogoo namba sita atolewe nje, achinjwe, achomwe moto. Mwamuzi anawe mikono, aendelee.

Aliyebeba kizimba ni Benedicta mwenyewe. Watu walimpisha kwa mbali, wengine wakavuta nguo zao zisimguse. Yule wa Chunya aliyevua kofia asubuhi alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba watu wa namna hii ndio wanaotuharibia chama.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na shimo la takataka. Mlinzi alimpa kisu, akamletea chupa ya mafuta ya taa, akasema yeye hapana, hawezi kumchinja kuku mzuri namna ile, akaenda zake getini. Benedicta alipiga magoti. Kwao, kuku huchinjwa na wanaume. Ilikuwa mara ya kwanza kwake. Diwani hakuhangaika, alikuwa amezoea mikono ile tangu siku ya kwanza ya maisha yake. Aliponyamaza kabisa, Benedicta alimlaza kando ya shimo, akampanga manyoya kwa kiganja, mpaka mistari ikakaa sawa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na damu.

Alisikia mkongojo kwenye kokoto. Mwalimu Anyelwisye alikuwa anakuja akipita pembeni ya ukuta, koti lake limetuna kifuani. Alifika, akamtazama jogoo, akavuta pumzi. Kisha akafungua koti akamtoa tetea wake.

"Nichinjie na huyu."

Benedicta hakuelewa. Alimwambia mzee kwamba mwamuzi hakumgusa tetea huyo, yeye aliwahi kusema kabla hajamgusa.

"Mimi nilimgusa," alisema mzee. "Nilimshika wako, nikaenda kumshika huyu. Na hana chanjo tangu Aprili." Alikaa kwenye ukingo wa shimo kwa taabu, tetea mapajani. "Aprili tulinunua chupa moja watu tisa, maana chupa moja inatosha kuku mia mbili. Wenzangu wanane wote wamo humo ndani. Julai hakuna aliyechangisha. Nani anataka macho ya kuku wake yatoe machozi?"

"Mbona hukusema, Mwalimu?"

"Nilishindwa. Nilitazama viatu vyangu kama wengine." Alimpapasa tetea kichwani. "Nyumbani kuna vile vifaranga kumi na moja. Nikirudi na mama yao, nimewaua. Na mimi mwenyewe nitalala kwa mwanangu Uyole, nisiwakaribie."

Alimshika tetea kwa mikono miwili, akamnyoosha mbele, akageuza uso upande wa pili. Benedicta alikifuta kisu kwenye majani.

Ndani ya ukumbi makofi yalianza, kisha vigelegele, kisha sauti ya mwenyekiti kwenye kipaza sauti. Mshindi alikuwa jogoo namba saba, aliyekaa jirani na Diwani tangu asubuhi. Mgeni rasmi alimpakata kwa ajili ya picha, akampa mwenye jogoo, naye akampa jirani yake, na jogoo akaanza kuzungushwa ukumbi mzima, kila mfugaji akimshika kidogo apate picha yake.